Kubadilisha kulanti ya gari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Gari ninalotolea mifano ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, ileile iliyomo kwenye Raum, Probox, na Premio na Allion za lita 1.5. Gari lako likiwa jingine, kazi ni ileile ila vipimo na mahali pa vitu hubadilika, kwa hiyo fungua kitabu chake kabla ya kushika praya. Na hakuna hatua hata moja hapa inayoanza injini ikiwa ya moto.

Huku kwetu maji hayagandi. Kulanti ya nini?

Hoja hii utaisikia kila gereji, na nusu yake ni kweli. Kulanti, yaani kimiminika kinachozunguka ndani ya injini kuipoza, kwa kawaida ni ethileni glikoli, maji, na dawa za kuzuia kutu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka nyuzi kama 37 chini ya sifuri, na hata Makete mwezi wa Julai haifiki huko. Barafu basi tuiache.

Iliyobaki ni kazi mbili. Ya kwanza ni kuchemka. Dar maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini ukipanda Mbeya au Nairobi yanachemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Mfuniko wa rejeta, kile kipoza maji kilicho mbele ya injini, hubana mfumo ili kiwango hicho kipande: maji matupu chini ya mfuniko mzima hufika kama 120, na nusu kwa nusu ya kulanti huvuka 125. Nyuzi hizo tano au zaidi huzioni thamani yake ukiwa Mikocheni. Utaziona kwenye mlima wa Kitonga, nyuma ya semi iliyopakia, gari likiwa gia ya kwanza, AC inapuliza na upepo wa mbele hakuna.

Kazi ya pili ni kutu, na hapa ndipo injini za huku zinapokufa kimyakimya. Bloku (mwili wa injini) na silinda hedi (kichwa chake) ya 1NZ ni alumini, na katika mzunguko huohuo wa maji kuna chuma pia. Metali mbili tofauti ndani ya maji yenye chumvi hugeuka betri ndogo, na katika betri hiyo moja lazima iliwe. Dawa zilizomo ndani ya kulanti ndizo zinazozuia ulaji huo, na dawa hizo huisha hata kama kulanti yenyewe haijapungua hata kijiko.

Maji ya bomba yana ubaya gani? Babu yangu aliendesha Land Rover kwa maji ya mto.

Tazama ndani ya birika lako la chai. Yale magamba meupe chini ndiyo yanayojijenga ndani ya mirija ya rejeta, na mirija hiyo ni myembamba kuliko mdomo wa birika. Maji ya kisima ni mabaya zaidi. Visima vingi vya Dar vina chumvi, ladha yake unaijua. Land Rover ya babu nayo ilikuwa na rejeta nene ya shaba iliyozibuliwa na kulehemiwa mara nyingi tu. Ya IST ni alumini nyembamba yenye vichwa vya plastiki. Ikishaliwa, unanunua nyingine.

Ukikwama njiani weka maji yoyote safi ufike. Ila ukifika, usisahau kwamba uliyaweka.

Kwa hiyo nichanganye na maji gani?

Yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji bila madini. Vituo vya mafuta huyauza kwa jina la maji ya betri. Hapo simama kidogo: kwenye rafu hilohilo kuna chupa nyingine inayofanana nayo kama pacha, nayo ni asidi ya betri. Soma maandishi, usiangalie rangi ya lebo, na muuzaji akikujibu "ni yaleyale tu", ondoka. Maji yanayodondoka kwenye AC hayana chumvi nyingi, lakini hubeba vumbi na uchafu wa ile AC. Ni ya dharura.

Ninunue nyekundu, kijani au bluu?

Rangi ni rangi tu. Hakuna sheria ya dunia inayosema kijani ni nini, na kampuni mbili zinaweza kuuza dawa tofauti kabisa zenye rangi moja. Kilicho muhimu ni aina ya dawa. Watengenezaji wa Japani kwa kawaida hutaka kulanti yenye fosfeti na isiyo na silikati. Wa Ulaya wengi wamependelea silikati na kukwepa fosfeti, maana fosfeti na maji yenye chokaa hutengeneza magamba. Soma nyuma ya kidumu: kama haikutaja fosfeti wala magari ya Asia popote, kirudishe.

Toyota wenyewe wana mbili zinazojulikana sana. Nyekundu ni ya zamani, ya kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Ya waridi ni ya muda mrefu, na kwa kawaida huuzwa ikiwa imeshachanganywa. Ukizichanganya hazilipuki, wala si lazima zigande siku hiyohiyo. Unachopoteza ni ule muda mrefu uliolipia.

Angalia pia kama kidumu ni cha kulanti iliyo tayari au nzito, yaani isiyochanganywa na maji. Nzito haimwagwi peke yake. Wapo wanaodhani ikiwa nusu ni nzuri basi kamili ni nzuri zaidi, kumbe glikoli tupu hubeba joto vibaya kuliko mchanganyiko. Usivuke asilimia 60.

Nitajuaje kwamba muda umefika?

Kwa ile ya waridi ya Toyota, vitabu vingi vya gari husema mara ya kwanza kilomita 160,000, kisha kila 80,000. Lakini sisi tunanunua magari yaliyokwisha kutumika, na hujui aliyekutangulia aliweka nini. Hesabu yako inaanza siku uliponunua: badilisha, andika tarehe na kilomita kwenye karatasi, bandika chini ya boneti.

Nje ya ratiba, fungua mfuniko asubuhi gari likiwa la baridi, chovya kitambaa cheupe. Rangi ya chai ya rangi ni kutu. Utelezi wa mafuta ni habari nyingine, mbaya zaidi, na kubadilisha kulanti hakutaitibu.

Nahitaji vifaa gani?

Praya, bisibisi bapa, faneli, beseni pana linaloingia chini ya gari, mpira mwembamba wa mita moja, glovu, miwani ya kukinga macho. Kulanti nzito lita 4, maji yaliyokenekwa lita 15. Na chupa tupu nne za maji ya kunywa za lita moja na nusu. Hizo usizidharau, ndizo mizani yako. Ukishamaliza, zitoboe uzitupe. Sababu iko chini.

Nianzeje?

Anza saa moja asubuhi, gari limelala nje usiku kucha. Egesha mahali tambarare, vuta hendibreki, weka kabari nyuma ya tairi. Kama unalazimika kuinua mbele, weka stendi. Usiingie kichwa chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Chini ya rejeta, pembeni, kuna koki ndogo ya plastiki. Ipe heshima. Gari la mwaka 2003 limeipika koki hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini, na ukiikamata kwa praya kwa hasira itabaki nusu mkononi mwako na nusu kwenye rejeta. Vaa glovu, jaribu kwa vidole kwanza. Ikikataa, ishike kwa praya taratibu, izungushe robo, iachie, izungushe tena. Chomeka ule mpira kwenye mdomo wake ili maji yaingie kwenye beseni na si kwenye kiwiko chako.

Gari la otomatiki lina mabomba mawili yanayoingia chini ya rejeta. Hayo ni ya mafuta ya gia boksi. Usiyaguse.

Fungua koki mfuniko wa juu ukiwa bado umefungwa. Maji yatatoka kidogokidogo, na kama mfuniko ni mzima utaona kile kichupa cha akiba kinapungua chenyewe: rejeta inakinyonya. Kikikauka, fungua mfuniko, hapo sasa yatamwagika kwa nguvu. Jaza chupa zako kutoka kwenye beseni uhesabu. Kwangu hutoka lita 3 hivi, na mfumo mzima ni kama lita 5.

Na hizo lita mbili nyingine ziko wapi?

Kwenye bloku na kwenye hita ya ndani ya gari. Bloku nayo ina sehemu yake ya kumwagia maji, ila kuifikia ni mateso, mimi huiacha. Badala yake nasuuza: funga koki, jaza maji yaliyokenekwa, washa injini na ufungue hita mpaka mwisho wa joto. Thamostati, yaani mlango wa maji unaofunguka kwa joto, kwenye injini hii hufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Utajua imefunguka bomba la chini la rejeta likianza kuwa la moto. Zima. Subiri ipoe, na kupoa maana yake ni saa moja na nusu, si kunywa soda moja. Mwaga. Rudia mpaka yanayotoka yawe meupe. Kwa gari lililotunzwa, mara mbili zinatosha. Kwa hiyo kazi ya "nusu saa" huwa inakula siku nzima ya Jumapili.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Baada ya kusuuza, zile lita 2 zilizobaki ndani ni maji matupu. Ukimwaga juu yake lita 3 za kulanti iliyo tayari, ambayo nusu yake ni maji, umeweka lita 1.5 tu za glikoli kwenye lita 5. Hiyo ni asilimia 30, na kidumu kinakuahidi 50. Ndiyo maana baada ya kusuuza natumia nzito: lita 2.5 kwanza, kisha maji mpaka ijae. Nusu kwa nusu, bila kubahatisha.

Kama kulanti yako ya zamani ni safi na ni aina ileile, usisuuze. Mwaga lita 3, weka lita 3 za iliyo tayari, nenda kanisani.

Nitatoaje hewa?

Mwaga polepole kupitia faneli, huku unaminya bomba la juu kwa mkono kama unakamua ng'ombe. Mapovu yatapanda, kiwango kitashuka, ongeza. Kama una mteremko nyumbani, geuza gari pua iwe juu. Halafu washa injini, hita kwenye joto la mwisho, mfuniko ukiwa bado wazi na uso wako uwe mbali, maana hewa ikitoka hurusha maji. Kiwango kikitulia, kabla maji hayajapata moto wa kuunguza, funga mfuniko na uache injini mpaka feni iwake, izime, iwake tena.

Hita ikipuliza hewa baridi wakati injini ni ya moto, au ukisikia maji yanagugumia nyuma ya dashibodi, bado kuna hewa. Acha ipoe, fungua, ongeza. Gari nyingi ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na ile nyekundu ikiwaka tayari umechelewa. Hita ndiyo mshale wako.

Fundi ameniambia nitoe thamostati, gari lipoe vizuri. Nikubali?

Hapana. Nami nilikubali.

Gari langu lilichemsha mara mbili ndani ya wiki. Fundi alifungua, akanionyesha thamostati kwenye kiganja kama daktari anayeonyesha jino. "Hii ni ya nchi za baridi, kaka. Huku inatesa gari tu." Ilisikika kama busara. Akaitupa, akafunga, na kweli kwa miezi miwili sikuona taa nyekundu. Nilichoona ni mafuta: tenki lililokuwa linanifikisha Ijumaa likawa linaishia Jumatano.

Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake la kazi. Kompyuta inadhani ndiyo kwanza imeamka, inaongeza petroli. Oili haipati moto wa kutosha kukausha unyevu. Na kuna injini ambazo thamostati yake, ikifunguka, hufunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Unakuwa umetoa kifaa ili gari lipoe, na mlimani linachemsha zaidi.

Langu lilichemsha tena, safari hii kwenye mlima. Chanzo nilikikuta mwenyewe, na tochi ya simu: kati ya rejeta na ile rejeta ndogo ya AC iliyo mbele yake kulikuwa na blanketi la vumbi, nywele na manyoya ya kuku. Upepo ulikuwa haupiti. Nilisafisha kwa maji ya mpira kutoka upande wa injini, bila presha kubwa ili nisilaze mapezi ya rejeta, na nikarudisha thamostati mpya, kile kivalvu chake kidogo kikiwa juu ili hewa ipite.

Thamostati usiyoiamini, ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni. Isipofunguka maji yakikaribia kuchemka, nunua nyingine.

Mfuniko wa rejeta nao unabadilishwa?

Ndiyo, na ndio kifaa cha bei nafuu kuliko vyote hapa. Mpira wake ukipasuka, zile nyuzi za ziada zinapotea zote. Nyingi za Toyota zimeandikwa 1.1 au 108 kPa. Nunua yenye namba ileile. Kubwa zaidi si bora, litatafuta bomba dhaifu la kupasua.

Vipi dawa ya kuziba matundu?

Inaziba. Haichagui tundu la kuvuja na mrija wa hita.

Gari langu ni haibridi.

Basi ukurasa huu ni wa kusoma tu. Haibridi nyingi zina mzunguko wa pili wa kupoza inveta, wenye kichupa chake, na injini inaweza kuwaka yenyewe ukiwa umeingiza mkono. Nyaya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Mpelekee fundi anayezijua.

Kulanti inapungua na sioni inakovuja.

Tandika karatasi kavu chini ya gari usiku. Angalia maungio ya mabomba, koki uliyoigusa, na chini ya pampu ya maji, ambapo kuna tundu dogo lililowekwa makusudi litoe machozi pampu ikianza kuchoka. Gusa kapeti upande wa abiria: likiwa na unyevu wa kunata, ni rejeta ya hita. Kote pakiwa pakavu, fungua mfuniko injini ikiwa ya baridi, washa. Mapovu yasiyokoma dakika nzima, moshi mweupe wenye harufu tamu, oili iliyogeuka kama chai ya maziwa: hizo ni dalili za gasketi ya silinda hedi. Usiendelee kuongeza maji na kutembea, hedi ikishapinda bili inabadilika.

Limechemsha njiani. Nimwage maji ya baridi?

Usimwage, na usifungue mfuniko. Egesha, zima AC, zima injini, fungua boneti kwa kamba yake ya ndani, kaa mbali. Nusu saa ni kima cha chini. Maji ya baridi kwenye alumini yenye moto hupasua hedi, na mfuniko ukifunguliwa mapema hurusha maji ya nyuzi zaidi ya 100 usoni. Makondakta watakuja na kidumu na ushauri. Washukuru, kidumu kiweke chini.

Ya zamani niimwage wapi?

Si mtaroni, si shimoni, wala si uani kuua majani. Ethileni glikoli ni tamu na ni sumu. Mbwa, paka na kuku wataifuata, na mtoto pia. Iweke kwenye kidumu kinachofunga vizuri, kiandike SUMU, kipeleke gereji inayokusanya maji machafu ya magari, bila kukichanganya na oili chafu. Usiiache kwenye zile chupa za maji ya kunywa hata kwa saa moja, maana ya waridi inafanana na sharubati.

Mtu akiinywa, mkimbize hospitali pamoja na kidumu chenyewe. Mwanzoni huonekana kama amelewa tu, kisha figo ndizo zinazoumia. Maziwa hayasaidii, na usimtapishe.

Nimemaliza. Kesho naweza kusafiri?

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko. Kiwango kitakuwa kimeshuka kidogo, jaza mpaka mdomoni, kisha jaza kichupa mpaka alama ya juu. Zunguka mjini siku mbili, rudia kuangalia. Mara ya kwanza langu lilikunywa karibu nusu lita siku ya pili. Likiacha kunywa, safiri, na lita moja ya mchanganyiko uleule iwe kwenye buti.